Sifuri moja kwenye rejista: historia fupi ya printa ya pamoja

Maabara yetu ina kompyuta moja ya Windows 7 ambayo hairuhusiwi kufa. Ndiyo inayoendesha spektrofotomita, na programu ya kile kifaa haijawahi kukubali mfumo mwingine wowote. Kila anayefanya utafiti wake pale hupima sampuli, kisha huchapisha grafu kwenye printa ya leza ya maabara nzima. Kwa miaka mingi hakukuwa na tatizo.

Kisha kompyuta iliyokuwa imebeba ile printa ikafa. Ikaletwa mpya, ya Windows 11. Tukachomeka printa, tukaiweka ya pamoja kwenye mtandao, laptopu zote zikachapisha. Ile ya Windows 7 ikagoma. Printa inaiona, jina lake inalisoma, lakini ukibofya inakujibu kwa namba: 0x0000011b.

Mwenzetu mmoja akatafuta ile namba mtandaoni na baada ya dakika tano akaja na dawa. Unaingia kwenye rejista ya Windows ya kompyuta mpya, unaandika sifuri mahali fulani, unaiwasha upya, kwisha. Watu kibao walikuwa wanashukuru kwamba imewafanyia kazi. Alipokuwa anataka kuiandika, fundi sanifu wetu, mzee ambaye amekuwa pale kabla sisi hatujaanza hata sekondari, akauliza: "Mwanangu, ukiweka sifuri hapo unazima nini?"

Hakuna aliyejua. Makala hii ni jibu tulilolitafuta, na tulilazimika kurudi nyuma zaidi ya miaka hamsini kulipata.

Printa na mtandao ni mapacha

Tumezoea kufikiri kwamba mtandao ulikuja kwanza, printa ikaunganishwa baadaye. Historia yenyewe imechanganyika zaidi. Mhandisi Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox alikuwa na wazo la kuandika kurasa kwa mwale wa leza, lakini wakubwa wake hawakulipenda. Mwaka 1971 akahamia kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, California, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa na mashine inayofanya kazi.

Ilikuwa mashine ya haraka, na ya gharama kubwa mno kumpa kila mtu ya kwake. Pale pale Palo Alto walikuwa wanatengeneza kompyuta za mezani zilizoitwa Alto. Zingeifikiaje printa moja? Mei 1973 Robert Metcalfe akaandika waraka wa ndani kueleza njia ya kuziunganisha kompyuta nyingi kwa waya mmoja. Akaijenga pamoja na David Boggs, ikaitwa Ethernet. Waya wa mtandao unaochomeka leo nyuma ya kompyuta ni mjukuu wa ule, na moja ya kazi zilizousababisha kuwepo ilikuwa kufikisha kurasa kwenye printa.

Angalia walioutumia: watafiti wa jengo moja, wanaofahamiana kwa majina. Hakukuwa na sababu ya kuuliza kila ombi la kuchapisha, "Wewe nani?"

Kwanza ilikuwa shida ya lugha

Printa zilipoingia sokoni, ugomvi wa kwanza haukuwa wa usalama. Ulikuwa wa lugha. Printa haielewi faili lako la tasnifu. Inaelewa maelekezo: weka herufi hii hapa, chora mstari ule pale. John Warnock na Charles Geschke, wote waliotoka kituo kile kile cha Xerox, walianzisha Adobe mwaka 1982 na kutoa lugha ya PostScript mwaka 1984. Mwaka huohuo HP ikaleta LaserJet na lugha yake, PCL. Watengenezaji wengine wakaja na zao.

Ndiyo maana kuna kitu kinaitwa draiva. Ni mkalimani anayekaa ndani ya kompyuta yako, anayegeuza ukurasa wako kuwa lugha ya printa fulani. Mkalimani huyu huandikwa kwa ajili ya mfumo maalumu. Draiva ya Windows ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows 11, ambayo ni ya biti 64 tu. Kwa hiyo ukiona kompyuta mpya inaiona printa ya zamani lakini inachapa takataka au haichapi kabisa, mara nyingi umekutana na tatizo hili la miaka ya 1980: mkalimani hayupo, au ni wa lugha nyingine.

Sisi hilo halikuwa tatizo letu. Draiva tulikuwa nayo.

Miaka ya kuaminiana

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Barry Feigenbaum wa IBM alibuni itifaki ya kompyuta kugawana mafaili na printa, ikaja kuitwa SMB. Microsoft wakaichukua na kuiendeleza, na mwaka 1992 Windows for Workgroups ikaifikisha kwenye ofisi za kawaida. Sasa karani yeyote aliweza kubofya mara mbili tatu na printa yake ikawa ya ofisi nzima.

Mwaka huohuo wa 1992, mwanafunzi wa uzamivu kule Canberra, Australia, aitwaye Andrew Tridgell, alitaka kompyuta yake ya kibinafsi isome mafaili yaliyo kwenye mashine ya Unix. Akawa anasikiliza kinachopita kwenye waya, anatazama swali na jibu lake, mpaka akaweza kuandika programu inayojibu vilevile. Kazi yake ndiyo leo inaitwa Samba. (Wanafunzi wenzangu mnaoambiwa mnapoteza muda kwenye vitu visivyo kwenye pendekezo la utafiti, mnasikia?)

Windows ikaongeza urahisi mwingine. Ukijiunga na printa ya pamoja, kompyuta iliyoibeba inakupa na draiva palepale. Huhitaji CD wala fundi. Fikiria maana yake: kompyuta yako inapokea programu kutoka kwa kompyuta nyingine na kuiweka ndani kabisa ya mfumo, kwa sababu tu umesema unataka kuchapisha. Kati ya watu wanaofahamiana, huo ni ukarimu. Ofisi zilipounganishwa na intaneti, mlango ukabaki vilevile, wazi.

Wageni wasioalikwa

Mwaka 2010 iligunduliwa Stuxnet, programu haribifu iliyolenga mitambo ya nyuklia ya Iran. Moja ya njia zake za kuruka kutoka kompyuta hadi kompyuta ilikuwa tundu kwenye programu ya Windows inayopanga foleni ya kazi za kuchapisha. Foleni ya printa, kitu ambacho hakuna anayekifikiria mpaka karatasi ikwame.

Tarehe 12 Mei 2017 ikaja WannaCry. Ilisambaa katika nchi zaidi ya 150 kwa kutumia tundu kwenye toleo la kwanza la SMB, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Dawa ya tundu lile Microsoft walikuwa wameitoa Machi, miezi miwili kabla, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimesasishwa. Kuanzia toleo la Windows 10 la mwishoni mwa 2017, SMB ya kwanza haikuwekwa tena kwenye usakinishaji mpya. Hapo kompyuta za XP zikaanza kutoelewana na wenzao wapya.

Kisha ukafika mwaka 2021, mwaka mbaya kwa foleni ya printa. Mwezi Julai Microsoft walitoa sasisho la dharura kwa udhaifu uliopewa jina PrintNightmare: ule ukarimu wa kupokea draiva ulimwezesha mshambuliaji kuweka programu yake badala ya draiva. Agosti wakabadilisha kanuni, kuweka draiva ya printa ikahitaji ruhusa ya msimamizi.

Sifuri ile

Namba yetu ilitokana na udhaifu mwingine wa mwaka huohuo. Watafiti walionyesha kwamba mtu aliyejipenyeza katikati ya mazungumzo ya kompyuta mbili angeweza kuchukua utambulisho wa mtumiaji halali na kuufikisha kwenye foleni ya printa kana kwamba ni wake. Kinga ilikuwa kudai kila ombi linaloifikia foleni kwa mbali lifungwe kwa usimbaji. Sasisho lilitoka Januari 2021 kama hiari. Tarehe 14 Septemba 2021 likawa lazima.

Windows 7 yetu haikulipata. Muda wake wa kuhudumiwa kwa kawaida uliisha Januari 2020. Kwa hiyo inapiga hodi kwa mtindo wa zamani, na kompyuta mpya inasema: kwa mtindo huo, hapana. Hiyo ndiyo maana ya 0x0000011b. Wala hakuna kilichoharibika.

Na sifuri ile? Inazima kinga hiyo. Siyo kwa Windows 7 peke yake, bali kwa kila anayeifikia foleni ya kompyuta mpya, pamoja na laptopu zetu zote na yeyote aliyeingia kwenye mtandao wa jengo. Tungeipata grafu yetu, ndio. Tungelipa kwa kurudisha maabara nzima kabla ya Septemba 2021.

Tulivyofanya

Kuna njia ya kati. Mwaka 1999 ilitoka itifaki ya IPP, inayozungumza na printa kwa namna ileile kivinjari kinavyozungumza na tovuti. Mwaka huohuo Michael Sweet akatoa CUPS, programu ya kusimamia printa inayoitumia. Hata simu yako ikichapisha bila waya, aghalabu ni IPP inayofanya kazi chini yake.

Tulichukua kompyuta iliyokuwa inasubiri kutupwa, tukaweka Linux na CUPS, tukachomeka printa humo. Windows 11 ikaipata. Windows 7 nayo inajua IPP, ukiipa anwani ya printa na draiva ya kawaida ya PostScript, na CUPS inatafsiri kwenda lugha ya printa yetu. Mwisho tukaifungia Windows 7 njia zote za mtandao isipokuwa ile moja ya kufikia printa.

Hii nayo si kinga ya milele. Septemba 2024 yalitangazwa matundu kwenye sehemu za CUPS yenyewe, kwa hiyo ile kompyuta kuukuu inasasishwa kila mwezi, na zamu imebandikwa ukutani. Mzee wetu ndiye aliyeiandika. Chini yake ameongeza mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: "Kabla ya kuzima kitu, andika hapa kilikuwa kinalinda nini."