Waigizaji Wasio na Majina: Midimu ya Newala na Masasi

Historia ya uigizaji Afrika Mashariki imezoeleka kuanzia kwenye tamthilia za shule za kikoloni, kana kwamba kabla ya hapo wenyeji wa nchi hizi hawakuwahi kumwona mtu akijivika nafsi ya mwingine mbele ya hadhira. Uwanda wa juu wa Makonde, unaoinuka kusini mwa bonde la mto Lukuledi na kukatika ghafla pale Newala juu ya bonde la mto Ruvuma, unatosha peke yake kuukanusha mtazamo huo. Huko upo uigizaji wenye mafunzo, mavazi, hadhira na miiko yake, nao ni ule wa midimu, yaani wachezaji waliofunika uso kwa kinyago cha mti na mwili mzima kwa nguo; upande wa pili wa Ruvuma, katika uwanda wa Mueda nchini Msumbiji, sanaa iliyo ndugu na hiyo hujulikana kwa jina la mapiko. Masasi, iliyo chini ya uwanda upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe, ni nchi ya Wamakua na Wayao pamoja na Wamakonde, na historia yake imefungamana na ya Newala kwa karibu kiasi kwamba si rahisi kuisimulia moja bila nyingine.

Mchezo huu umeshikamana na jando na unyago, yaani mafunzo ya kuwaingiza vijana wa kiume na wa kike katika utu uzima, ambayo kwa kawaida hufanyika wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani na chakula cha kuwakirimu wageni kikiwa kipo. Wari, yaani vijana waliokuwa wamefichwa kwa mafunzo, wanapotolewa na kurudishwa kijijini, ndipo vinyago navyo hutoka. Mvaaji hufunikwa pasibaki sehemu ya ngozi inayoweza kumtambulisha, na kwa mujibu wa desturi wanawake na watoto huambiwa kwamba anayecheza si mtu wa kijijini bali ni mzimu uliotoka kwa wafu. Mvulana huifahamu siri hiyo anapopita jando, na baada ya hapo hutarajiwa kuilinda. Wapo watafiti waliosema kwamba wanawake wengi huijua siri na huchagua kukimbia na kupiga kelele kwa sababu mchezo hauwezi kukamilika bila wao. Ikiwa ni hivyo, basi hadhira nayo huigiza, na pengine kwa ustadi usiopungua ule wa mwenye kinyago.

Nafsi zinazoigizwa ni nyingi. Upande wa Tanzania kinyago aghalabu hufunika uso tu, ilhali kile cha Mueda huvikwa kichwani mithili ya kofia, na mchezaji huchungulia kupitia mdomo wake. Wapo wanaocheza juu ya magongo marefu, na ipo njorowe, yaani kinyago cha kiwiliwili chenye matiti na tumbo la mjamzito, ambacho mwanamume hujifunga kifuani ili acheze nafsi ya mwanamke anayekaribia kujifungua. Chale za uso huonyeshwa kwa kuchongwa au kwa nta, na mdomo wa juu wa kinyago cha mwanamke huweza kuwa na ndonya, yaani kipande cha mti kilichokuwa pambo la wanawake wa Kimakonde. Hata hivyo, kinyago hakijitoshelezi. Kikongwe hutambulikana kwa namna anavyoinama na kusitasita, na mnyama kwa jinsi anavyogeuka ghafla, hivyo kwamba mchezaji, akiwa amenyimwa uso na sauti, hubakiwa na viungo vya mwili na ngoma tu kuwa nyenzo zake.

Uzito wa jambo hili huonekana vyema likilinganishwa na maisha ya mwigizaji wa Kiingereza mwenye asili inayogusa pwani hii. Ben Kingsley alizaliwa mwaka 1943 huko Yorkshire akiitwa Krishna Pandit Bhanji. Babu yake mzaa baba alikuwa mfanyabiashara wa viungo aliyetoka India kuhamia Zanzibar, na baba yake, aliyekuja kuwa daktari, aliishi huko kabla ya kwenda Uingereza akiwa kijana. Mwanzoni mwa kazi yake aliliacha jina la Bhanji kwa kuhofia kwamba jina la kigeni lingemfungia milango, akajiunga na kundi la Royal Shakespeare Company mwaka 1967, akapata tuzo ya Oscar kwa kuigiza nafsi ya Gandhi katika filamu ya mwaka 1982, na mwaka 2002 akapewa cheo cha Sir. Inaweza kusemwa kwamba naye alivaa kinyago, ila chake kilikuwa jina, na kazi yake ilikuwa kumfanya mvaaji ajulikane. Uwandani mambo ni kinyume: mchezaji hodari husifiwa sana siku ya mchezo, lakini sifa hiyo huwa ya kinyago, ya kundi na ya kijiji, na kumtaja hadharani ni kuvunja mwiko. Kwa hiyo wasifu wa mwigizaji wa Newala hauwezi kuandikwa kama wasifu wa Kingsley unavyoandikwa, na majina yanayojaza historia ya midimu ni ya watu waliokuja kuitazama, kuikusanya au kuirekebisha.

Mmoja wao ni Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka makumbusho ya Leipzig, ambaye mwaka 1906 alipita Masasi, Newala na Mahuta akiwa na fonografu, yaani mashine ya kunasa sauti, pamoja na kamera ya sinema, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1908 kinabaki kuwa mojawapo ya maelezo marefu ya awali kuhusu ngoma na vinyago vya eneo hili. Kazi yake ni ya thamani, lakini haipaswi kusomwa bila kukumbuka kwamba ilifanyika wakati kusini ikiwa bado haijatulia baada ya Vita vya Majimaji, na kwamba aliyeombwa na mgeni wa serikali acheze mbele ya kamera hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa.

Wamisheni wa Kianglikana walikuwa wamemtangulia kwa miaka 30. Mwaka 1876 Edward Steere aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar, akikusudia kuwarudisha kwenye nchi za Ziwa Nyasa, nao wakaishia kujenga makazi yao Masasi; huyo ndiye Steere aliyekuwa amekwisha kutoa kwa Kiswahili hadithi zilizotokana na tamthilia za Shakespeare. Baada ya shambulio la Wangoni mwaka 1882, Chauncy Maples aliihamishia kazi ya misheni Newala, kwa Matola, mtawala wa Kiyao, na misheni ya Masasi ikateketezwa tena mwaka 1905 wakati wa Majimaji. Aliyegusa mizizi ya mchezo wenyewe ni Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, ambaye badala ya kupiga marufuku jando aliifanyia marekebisho ya Kikristo: tohara, kufichwa na mafunzo vilibaki, ila sadaka kwa mizimu ikaondolewa na sala zikawekwa mahali pake. Hatua hiyo ilihusu zaidi Wayao na Wamakua wa Masasi kuliko Wamakonde wa uwandani, na nia yake haikuwa kuhifadhi vinyago. Hata hivyo kanisa lililoitambua jando liliacha hai hafla inayovipa vinyago sababu ya kutoka.

Wakoloni nao hawakubaki watazamaji tu. Vinyago vya karne ya 20, hasa vya upande wa Msumbiji, vilianza kuwa na sura za Wazungu, Wahindi na Waarabu, wenye masharubu na kofia zao, na hapo bwana aliyezoea kuwaamuru wengine akaigizwa mbele ya watu aliowatawala. Wamakonde wa Msumbiji waliovuka Ruvuma, kwanza kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge na baadaye kuikimbia vita ya ukombozi dhidi ya Wareno iliyoanza mwaka 1964, miaka minne baada ya askari wa Kireno kuwaua waandamanaji huko Mueda, walikuja na mapiko yao mpaka Mtwara na Dar es Salaam. Katika miaka hiyohiyo taifa jipya lilikuwa likijitafutia jukwaa: Rais Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, na kundi la ngoma la taifa likaichukua sindimba, ngoma ya Wamakonde, na kuifanya ya nchi nzima. Sindimba ilisafiri kwa urahisi, lakini midimu haikuweza kusafiri vivyo hivyo, kwa kuwa ukiiondolea jando na siri yake hubakiwa na mavazi tu.

Mti uliochongwa, kwa upande wake, ulisafiri kuliko ngoma zote. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa pamoja na vitu vingine katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mwaka uliofuata makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yakakinunua mjini Paris, na baada ya majadiliano ya miaka mingi kikarudishwa Tanzania mwaka 2010. Kesi hiyo husimuliwa kwa majina ya makumbusho mawili, ya miji na ya taasisi zilizosuluhisha. Jina la aliyekichonga halisikiki ndani yake, na hilo ni upungufu wa rekodi. La aliyekicheza nalo halisikiki, lakini hilo, kwa desturi ya uwandani, halikupaswa kusikika.