Boriti za Rufiji na Elimu ya Safari

Husemwa kwamba safari humfunza mtu nchi za wengine. Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba humfunza thamani ya nchi yake.

Mtu wa Mtunda na wa vijiji vingine vya Kibiti, jirani na delta ya Rufiji, huijua mikoko tangu utotoni, wala haimstaajabishi. Lakini kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka kwa kaskazi yakileta tende, yakarejea kwa kusi yamesheheni boriti. Huko miti ya kujengea ilikuwa adimu. Hivyo upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, na paa la Kuwait lilibebwa na mti wa Rufiji.

Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alifika delta katika jahazi la nahodha Mkuwaiti, Ali bin Nasr al-Nejdi. Katika kitabu chake cha mwaka 1940 aliieleza kuwa mahali pa taabu. Wenzake chomboni waliyakanyaga matope yayo hayo. Lakini wao walijua kwamba shehena ile ingekuwa mapaa kwao.

Biashara hiyo ilififia, saruji na chuma viliposhika mahali pa boriti. Somo lake halikufifia. Mikoko ingali yakinga pwani na kulea samaki na kamba. Nayo yafaa ithaminiwe na aliye karibu nayo, kama ilivyothaminiwa na aliyeifuata kutoka mbali.