Mali Bila Daftari: Hesabu na Mizani katika Pwani ya Mtwara

Wahenga wa mwambao walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi methali hiyo hukumbukwa kwa masikitiko kila anapozungumzwa kijana wa dukani ambaye, akipewa noti ya shilingi 10,000 kwa bidhaa ya shilingi 6,400, huitafuta simu yake kabla ya kurudisha chenji. Wazee hutikisa vichwa na kusema kuwa elimu imekufa. Masikitiko hayo yana haki yake, lakini historia ya pwani ya Mtwara, tangu Mikindani hadi mlango wa mto Ruvuma, yaonesha kuwa jambo lenyewe ni kubwa kuliko kijana na simu yake. Kinachoulizwa ni nani ashikaye kipimo, na nani awezaye kumhakiki.

Hesabu ilikuwamo katika ndimi za watu wa huko kabla haijaandikwa ubaoni. Katika Kiyao na Kimakonde, sita husemwa kwa kuunganisha tano na moja, hivyo basi mtoto ajifunzapo kuhesabu huwa amekwisha kujumlisha. Kiswahili nacho kilikusanya kila kilicholetwa na pepo za misimu. Moja hadi tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa ni ya Kiarabu, na tisa ikaisukuma kando kenda ya asili. Laki ilitoka Bara Hindi pamoja na wafanyabiashara wake.

Sokoni, vipimo vilikuwa na mpangilio wake. Vibaba viwili vilifanya kisaga kimoja, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Vitu vizito kama pembe za ndovu vilipimwa kwa frasila, yaani takriban ratili 35. Hata hivyo, mnunuzi mwerevu hakuridhika na jina la kipimo. Aliuliza kama kibaba ni cha mfuto, kilichosawazishwa ukingoni, au ni cha tele, kilichofurika hadi kufanya kichuguu. Baina ya mfuto na tele ndipo ilipokaa faida ya mmoja na hasara ya mwingine. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba hizohizo zaweza pia kukimwaga.

Mahali pengine pa hesabu palikuwa msikitini na chuoni. Sheria ya mirathi ya Kiislamu ina mafungu sita yaliyotajwa katika Kurani: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Mtu akifariki na kuacha minazi 32, mke mmoja, mtoto wa kiume na mabinti wawili, mke hupata thumni, yaani minazi 4. Inayobaki 28 hugawiwa watoto, mwanamume akipata mafungu mawili na kila binti fungu moja: 14 kwa kijana, 7 na 7 kwa dada zake. Mwanachuoni aliyekosea alikuwa amemdhulumu mjane mbele ya macho ya watu wamjuao. Kwa hiyo sehemu za namba, ambazo leo humtoa jasho mwanafunzi, zilijifunzwa pwani zikiwa na minazi ndani yake na ndugu wakitazama.

Lakini si haki kuipamba enzi hiyo. Misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa ilishuka pwani ya kusini na pembe za ndovu, na pia na watu waliotekwa. Hata baada ya Sultani Barghash kutia saini, mwaka 1873, mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini, biashara hiyo haikukoma mara moja. Binadamu aliandikwa katika daftari kwa mkono uleule ulioandika frasila za pembe. Ujuzi wa hesabu haukumfanya mtu kuwa mwema. Ulimpa nguvu tu, na nguvu huelekea atakako mwenyewe.

Wakoloni walipoingia walibadilisha kipimo bila kumuuliza apimiwaye. Rupia ya Wajerumani ilikuwa na pesa 64 hadi mwaka 1904, ilipogeuzwa kuwa na heller 100. Waingereza nao walileta florini mwaka 1920, na mwaka uliofuata wakaiweka shilingi mahali pake. Katika mlango wa Ruvuma mambo yalizidi kuchanganyika, kwani eneo la Kionga, kusini ya mto, lilitwaliwa na Wajerumani mwaka 1894 na kurudi mikononi mwa Wareno mwaka 1916. Mvuvi wa huko ilimpasa kujua bei ya samaki wake katika fedha za serikali mbili. Hadi leo wanaovuka Kilambo kuingia Msumbiji hubadili shilingi kwa metikali, na atakayesubiri kufundishwa hesabu hiyo darasani atakuwa amekwisha kupunjwa.

Wala wasomi hawakuwa salama na makosa ya hesabu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilipanga kulima karanga Tanganyika katika zaidi ya ekari milioni tatu, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yaliyochaguliwa. Bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara, na reli ikatandazwa kuelekea bara. Mpango ulianza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Mvua, udongo na mizizi havikuwa vimepigiwa hesabu sawasawa. Bandari ilibaki, lakini reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mkulima asiyejua kusoma alijua mvua ya shamba lake. Wenye shahada hawakumuuliza.

Baada ya uhuru, nchi iliazimia kuwafikishia wote kalamu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa kila mtoto ifikapo mwaka 1977. Wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni moja na robo mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni tatu mwaka 1980. Lilikuwa tendo la haki, lakini walimu hawakuweza kuzalishwa kwa kasi hiyo, na vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa mafunzo mafupi wawafundishe wadogo zao. Dhiki ya miaka ya 1980 ikarudisha ada. Ada ya shule za msingi ilifutwa tena mwaka 2001, chini ya Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi. Madarasa yakafurika mara ya pili, kabla walimu na vitabu havijatosha.

Matokeo yakaonekana. Tathmini za Uwezo zilizoanza mwaka 2010 zilikuta kuwa watoto wengi wa darasa la tatu hawakumudu majaribio ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 serikali ilianza mtaala uliorudi kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Hata hivyo, katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano alifaulu hisabati.

Keshia asiyejua kutoa ana mashine ya kumsaidia. Hasara kubwa zaidi humfika anayesimama upande wa pili wa mizani, na Mtwara huyo ni mkulima wa korosho. Tangu msimu wa 2007/08, mfumo wa stakabadhi ghalani humtaka apeleke korosho zake katika chama cha msingi, zipimwe, zipangwe kwa madaraja, ziuzwe mnadani, kisha alipwe baada ya makato. Kila hatua ina namba, na kila namba yataka mtu wa kuikagua. Pembeni pana kangomba, ununuzi usio rasmi unaotumia chombo badala ya mizani, aghalabu kwa mwenye njaa na kabla ya mavuno. Chombo kikichukua kilo moja na robo kisha kikahesabiwa kuwa kilo moja, vyombo mia humpokonya mkulima kilo 25. Kwa bei ya shilingi 3,300 iliyotangazwa na serikali Novemba 2018, hizo ni shilingi 82,500. Ni kibaba cha tele kilekile, kimebadili jina.

Wapenzi wa ushairi wanalijua neno mizani kwa maana nyingine. Ubeti wa mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita, una mizani 64, idadi ileile ya pesa katika rupia ya zamani. Watunzi wasiowahi kuketi darasani waliipata idadi hiyo bila kupungukiwa hata silabi moja, kwa kuwa wasikilizaji walikuwapo, nao walikuwa na masikio. Hesabu ilidumu pwani palipokuwa na mtu wa kuhakiki: warithi mbele ya mwanachuoni, mnunuzi mbele ya kibaba, hadhira mbele ya mtunzi. Shule itakayomfundisha mtoto wa Msimbati au Newala kuusoma mkono wa mizani ya korosho, na kumuuliza karani kwa adabu mbona umesimama pale, itakuwa imemrudishia daftari la mali yake.