FANUSI NA KANDILI: HISTORIA YA TAA ZETU

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu msomaji, Ramadhani ikikaribia maduka hujaa taa za mapambo: za shaba iliyotobolewa, za vioo vya rangi, za umbo la mwezi na nyota. Vijana wengi hudhani ni mtindo mpya. Kumbe majina peke yake yatosha kutuzindua: fanusi na kandili ni maneno tuliyoyapokea kutoka kwa Kiarabu. Basi tuitazame historia yake.

Taa za Madina

Msikiti wa Mtume (S.A.W.) ulikuwa wa matofali ya udongo na nguzo za vigogo vya mitende. Ibn Majah amepokea kwamba wa kwanza kuwasha taa misikitini ni Tamim al-Dari, Swahaba aliyekuwa Mkristo wa Sham kabla ya kusilimu, ingawa wanavyuoni wameidhoofisha sanadi yake. Baadaye Sayyidna Umar (R.A.) aliwakusanya watu waswali Tarawehe nyuma ya Ubayy bin Ka'ab. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (R.A.), alipoona taa zinawaka misikitini usiku wa Ramadhani, alimwombea Umar, ambaye keshafariki, Allah alitie nuru kaburi lake kama alivyoitia nuru misikiti.

Vioo vya Misri na Sham

Sanaa hii ilifika kileleni zama za Mamluki, karne ya 13 na 14. Mafundi wa Misri na Sham walitengeneza taa za kioo zenye mdomo mpana na tumbo la mviringo, wakazipamba kwa dhahabu na rangi zilizochomwa motoni. Ndani kiliwekwa chombo kidogo cha mafuta na utambi, na taa ikaning'inizwa kwa minyororo. Shingoni mara nyingi waliandika Aya ya Nuru, yaani Suratun-Nur aya ya 35, ambayo yenyewe inapiga mfano wa taa ndani ya kioo. Usiku utambi ukiwashwa, maandishi yanang'aa! Msikiti wa Sultan Hasan wa Cairo, ulioanza kujengwa 1356, ulikuwa na taa nyingi za aina hii.

Lakini hakuna la kudumu. Timur aliiteka Damascus mwaka 1401, na kazi ya vioo ikadidimia. Kufikia 1569 waziri mkuu wa Uthmaniya, Sokollu Mehmed Pasha, aliagiza taa 900 za misikiti kutoka Venice! Waliokuwa wauzaji wamegeuka wanunuzi.

Taa nyingi zilizobaki zimo katika makumbusho. Mwaka 2014 bomu lililotegwa garini Cairo liliharibu Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, na baadhi ya taa hizo zikavunjika. Yalifunguliwa tena 2017.

Fanusi za mitaani

Wamisri husimulia kwamba fanusi za Ramadhani zilianza pale watu walipompokea usiku mtawala wa Kifatimi, al-Mu'izz, alipoingia Cairo mwaka 973. Mafundi huzitengeneza kwa bati na vioo vya rangi. Fanusi za plastiki kutoka China zilipowabana, serikali ya Misri ilipiga marufuku kuziagiza mwaka 2015.

Funzo kwetu

Enyi vijana, si haramu kuipamba nyumba, maadamu hakuna israfu. Lakini tuangalie: taa zile za thamani ziliwekwa wakfu ili wanaoswali waone. Leo mtu ananunua taa ya maelfu ya shilingi sebuleni, na madrasa ya mtaani watoto wanasoma gizani. Tujiulize, taa yetu inamwangazia nani?

Tena Mtume (S.A.W.) alituamrisha kuzima taa tunapolala, kwani panya huweza kuburura utambi akaiteketeza nyumba. Wenye koroboi na mishumaa, tuzingatie hilo.

Allah azitie nuru nyoyo zetu na makaburi yetu. Amin.