Kutu ya sakafu ya gari
Kutu ya sakafu ya gari ni kuliwa kwa bati la chini la gari, kunakotokea chuma kinapokutana na maji na oksijeni. Chumvi huharakisha jambo hilo. Kwa hiyo nyavu zilizolowa maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo ni matamu, hudhuru kidogo kuliko samaki wa chumvi, au magunia ya chumvi ya Uvinza yaliyonyeshewa njiani kwenda Kasulu au Buhigwe.

Wengi hudhani mpira wa sakafuni huzuia kutu. Kumbe maji yakipenya hubaki chini yake siku nyingi. Mzigo mbichi huwekwa ndani ya beseni au turubai lililokunjwa kingo, na baada ya safari mpira hufunuliwa ili bati likauke. Vitundu vya kutolea maji visizibwe. Kutu iliyokwisha kuanza hukwanguliwa kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, kisha hupakwa rangi ya kuzuia kutu. Oili chafu, inayopendwa kwa urahisi wake, huoshwa na mvua na kuharibu mipira.

Bati likitoboka, moshi wa ekzosi wenye monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na harufu, huweza kuwafikia abiria. Boliti za viti nazo hukosa pa kushika.