Sharifu Aliyehamia kwa Watumwa



Mwezi huu kazi za Mwenyezi Mungu zinazogombaniwa zinajulikana. Kila mtu anataka kuadhini, kusoma Qur'ani kwenye spika, kukaa safu ya mbele. Lakini ni nani hapa Kiogoro anagombania kujaza madumu ya maji ya udhu, au kuosha masufuria baada ya futari? Hapo ghafla kila kijana ana mtihani kesho!

Nabii Nuhu (a.s.) aliamrishwa aunde jahazi, na kila kundi la watu wake likipita linamcheka. Kisa hicho tumekisoma wote madrasa. Leo nataka cha karibu zaidi, cha hapa hapa Kenya.

Sayyid Saleh bin Alawy Jamalilayl, ambaye watu humwita Habib Saleh, alizaliwa Ngazija katika karne ya 19 akaja Lamu akiwa kijana. Alikuwa sharifu, yaani wa kizazi cha Mtume (s.a.w.). Na Lamu ya siku zile watu walikuwa na daraja zao. Wenye ukoo walikaa Mkomani kwenye majumba ya mawe. Langoni, upande wa kusini, kulikuwa na vibanda vya makuti, wageni, maskini na watu wa asili ya utumwa. Elimu kubwa ya dini ilikuwa ya wenye ukoo. Mtumwa akijua kuswali yatosha, ati fiqhi na tafsiri ni za nini?

Basi sharifu huyu akahama, akaenda kukaa Langoni. Akawasomesha watu hao hao, na wagonjwa wao akawatibu. Kumbuka kwamba utumwa katika Pwani ya Kenya haukufutwa kisheria mpaka 1907, mwaka uleule Waingereza walipofungua kituo chao hapa Kisii. Kwa hivyo alipoanza, mtu aliyeketi mbele yake na juzuu mkononi aliweza kuwa bado ni mali ya mtu mwingine! Wakubwa wa mji walimsema sana. Walimsema pia kwa maulidi ya matari, na suala hilo masheikh wanalijadili mpaka leo, mimi siliingii.

Hakujibizana nao sana, alisomesha tu. Karibu mwaka 1900 ukasimama msikiti wa Riyadha, na chuo chake kikavuta wanafunzi kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Tena hakubuni jambo jipya. Madina kulikuwa na mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti. Alipofariki, Masahaba walimzika bila kumwambia Mtume (s.a.w.), manake waliona si jambo kubwa. Mtume alipomkosa aliuliza, akataka aonyeshwe kaburi, akamswalia pale pale.

Habib Saleh naye amezikwa Lamu. Kila mwaka wakati wa Maulidi, watu wa Mkomani na wa Langoni huenda pamoja kumzuru.