Tundu la Mtungi

Ukipita Nyahanga siku hizi, msomaji wangu, huenda ukaona mbele ya nyumba mtungi wa zamani uliowekwa kuwa pambo, na ndani yake umeota mshubiri. Mpita njia huona ua tu. Mimi niliyefundisha historia miaka mingi huinama nikachungulia kitako, maana habari ya mtungi ule imo katika tundu lililotobolewa chini yake.

Mtungi uliotobolewa haurudi tena kazini. Ndiyo maana nilipokuwa mtoto, miaka ya 1950, hakuna aliyethubutu kutoboa mtungi mzima katika nchi yetu hii kavu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Miezi mingine mama zetu walifukua mchanga wa mito iliyokauka mpaka maji yakachuruzika. Mtungi ulikuwa ghala la maji hayo, na ulikuwa jokofu letu pia. Udongo uliochomwa una vitundu visivyoonekana. Maji hupenya kidogo kidogo mithili ya jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Mtungi ukipata ufa ulitunzia nafaka. Ukivunjika kabisa, kigae chake kilichukulia makaa kwa jirani. Maua? Nani angeyanywesha?

Kisha likatamalaki debe, bati lililoletwa na mafuta ya taa, la galoni 4, yaani lita 18 hivi. Lilianguka bila kuvunjika, na likitoboka fundi bati aliliziba. Lilipochakaa mno likawa chombo cha kwanza cha maua nilichokifahamu. Baada ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, shule zilihimizwa kulima. Nasi walimu, pamoja na shamba la mahindi, tulipanga mawe yaliyopakwa chokaa kandokando ya njia, na katikati yake madebe mabovu yenye maua. Yalinyweshwa maji ya kunawia. Kwa maoni yangu madebe yale yalifundisha zaidi ya hotuba nyingi za wakaguzi.

Plastiki ikafuata. Halafu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria, yanayovutwa kutoka Ihelele, yakafika Kahama na Shinyanga kwa bomba. Hapo mtungi ukakosa kazi, ukatolewa nje kuwa urembo.

Basi mjukuu wangu akaja na msumari na nyundo ndogo. Alikuwa ameshauloweka mtungi wa marehemu mama yangu ili udongo ulainike, akaulaza juu ya mchanga.

"Babu, umekaa bure. Bila tundu maji yatatuama, mizizi ioze."

Alisema kweli. Lakini dada yangu alikwisha kuushika mtungi kwa mikono miwili. "Mjukuu wangu, huu umenilea. Bomba likikauka wiki nzima, utanywea katika ua?"

Wakanigeukia mimi. Nikawasimulia kwamba katika Athens ya kale wanawake walipanda mbegu katika vigae vya vyungu vilivyovunjika, kwa sikukuu ya Adonis. Na kwamba Cato, Mroma wa karne ya 2 K.K., alifundisha kuotesha matawi ya miti katika vyungu vyenye matundu. Dada yangu alisikia neno moja tu: vilivyovunjika.

Mwisho tukatoboa kopo la maziwa ya unga, tukalijaza udongo na mshubiri, tukalitumbukiza mdomoni mwa mtungi juu ya kokoto. Kwa mbali hutajua. Mtungi haukuguswa. Kila Jumamosi dada yangu hulitoa kopo, humwaga maji yaliyochuruzika chini mbu wasije wakazaliana, kisha huugonga mtungi ubavuni kwa kidole na kutega sikio kama bado unalia.